Mwalimu Mugenzi na Karatasi ya Gato

Mugenzi alifika Kigali mwezi wa nane mwaka 1994 akiwa na mashati mawili, suruali aliyovaa, na daftari tatu kubwa za kaunta zilizofungwa pamoja kwa mpira wa baiskeli. Ndani ya daftari hizo mlikuwa na hadithi alizotunga kwa miaka tisa alipokuwa akifundisha shule ya msingi huko Karagwe, Tanzania, ambako wazazi wake walikimbilia kabla yeye hajazaliwa. Mimi sikusoma sana, lakini hadithi zile nilisomewa karibu zote, na nasema bila kumwonea: zilikuwa mbaya. Mtu mwenyewe alikuwa mzuri sana. Namsimulia kwa sababu ya karatasi moja aliyoiandika baadaye, ambayo haikujaa hata ukurasa, na ambayo nikiikumbuka mpaka leo naweza kutia chumvi mara mbili kwenye sufuria moja.

Mimi ni Xavérine. Nilizaliwa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, wazazi wangu nao wakimbizi wa Rwanda, na tangu ujana kazi yangu ni kupikia watu wengi. Tuliporudi nilipata chumba mtaa wa Rwezamenyo, Kigali, kwa kuwa kule Kiswahili ni cha kila siku na Kinyarwanda changu wenyeji walikuwa wanakicheka. Kibarua nilikipata upande wa pili wa mji, nyuma ya Gisimenti, kwenye shule iliyokuwa haina wanafunzi tena. Shirika moja liliigeuza kituo cha watoto waliopotezana na jamaa zao wakati wa vita na mauaji. Walikuwa watoto mia moja na kitu. Mimi nilikuwa na sufuria zangu uani, na Mugenzi alikuwa ofisini, kwenye dawati la darasa la tatu ambalo magoti yake yaligoma kuingia chini yake.

Kazi yake ilikuwa kuandika karatasi za watoto. Kila mtoto alikuwa na karatasi yake, iliyoeleza ni nani na alipatikana wapi. Mugenzi aliandika kwa Kiswahili cha shuleni kwake, wenzake wakaitafsiri kwa Kinyarwanda, kisha karatasi ilibandikwa ukutani na kusomwa redioni. Utauliza kwa nini jina tu lisitoshe. Kwetu Wanyarwanda kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe. La baba halimfuati, na la kaka halifanani na la dada. Pale kituoni tulikuwa na akina Uwimana kumi na wanne, na mtoto wa miaka mitatu ukimuuliza baba yake anaitwa nani, anakujibu kuwa anaitwa Papa.

Basi kila kitu kilikuwa mikononi mwa maelezo, na maelezo yalikuwa mikononi mwa Mugenzi. Mungu atusamehe.

Alasiri, sufuria zikishaoshwa, alikuwa anakuja jikoni kuninong'oneza alichoandika siku hiyo. "Mtoto huyu ni malaika mwenye huzuni kuu isiyoelezeka," alisoma siku moja, sauti ikimtetemeka kwa kujipenda kidogo.

"Kama haielezeki, umeandika ya nini?" nikamuuliza.

Alinuna. Kesho yake akaja na daftari la kaunta, ili nione kwamba anajua kuandika. Ilikuwa hadithi ya mama ambaye mwanawe wa pekee alikwenda vitani mwaka wa tisini. "Mama alihuzunika mno," alisoma, "moyo wake ukapasuka vipande vipande, akawa na simanzi, majonzi na jitimai." Nilikuwa nachambua maharagwe. Niliyachambua mpaka mwisho wa ukurasa, nikaona siwezi kunyamaza.

"Siku hiyo alipika?"

"Nani, mama?"

"Huyo mama yako wa kwenye daftari. Jioni mwanawe alipoondoka, alipika au hakupika? Na kama alipika, sahani ya mtoto aliitoa kabatini au aliiacha?"

Mugenzi alifunga daftari. Hakujua. Alikuwa ameishi na mama yule miaka minne na hakujua kama alikula. Siku mbili hakunisalimia vizuri, alisema "mwaramutse" akiwa ametazama ndoo, nami nikajilaumu, maana mtu aliyebeba hadithi zake mgongoni kutoka Karagwe si wa kumpiga kwa maneno namna ile. Lakini nilikuwa nimesema kweli.

Gato aliletwa mwezi wa kumi. Mama mmoja alimwokota njiani akitokea Bugesera, akakaa naye wiki chache, akashindwa, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa analala kwenye nyumba isiyo na paa. Mtoto wa kike wa miaka mitatu, labda na nusu. Hakusema neno, si Kinyarwanda wala lugha nyingine. Hakuwa kiziwi, maana ukifunika sufuria kwa kishindo alishtuka. Sisi wa jikoni tulimwita Gato, yaani mdogo, kwa sababu mtu lazima umwite kitu.

Karatasi yake ya kwanza ilisema: "Mtoto wa kike, mpole, mwenye huzuni na macho mazuri." Ilisomwa redioni mara sita. Hakuja mtu. Na nani angekuja? Watoto wote mia moja walikuwa wapole wenye huzuni, na mtoto gani ana macho mabaya?

Mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja, mkuu wa kituo, Madamu Joselyne, mwanamke asiyependa maneno mengi, alitukusanya uani. Serikali ilitaka shule yake irudi. Watoto wakubwa wangehamia kituo kingine hapohapo mjini. Wadogo chini ya miaka mitano ambao wangekuwa hawajadaiwa na mtu hadi tarehe kumi na tano Desemba, wangepelekwa nyumba ya watoto mbali, magharibi, kandokando ya Ziwa Kivu, na kutoka kule wengine wangechukuliwa na familia za nje ya nchi. Alisoma majina. Gato alikuwa wa nne.

Niliona Mugenzi akimtafuta kwa macho. Mtoto alikuwa amekaa kwenye ngazi, amevaa sweta iliyomshinda ukubwa, anahesabu vifungo vyake kwa kidole. Siku hizo alikuwa amezoea kukaa karibu na dawati la Mugenzi, bila kusema, na Mugenzi alimkatia pembe za karatasi achezee. Najua alimpenda. Mimi pia nilimpenda, na sioni aibu kusema, ingawa kwa watu wa kazi ile ilikuwa kosa.

Alasiri alikuja jikoni bila daftari. "Akishavuka mpaka, mama, hata ndugu yake akitokea, atamfuata wapi?"

"Mwandike upya."

"Nimwandike nini? Haongei. Hana kovu, hana alama. Sina kitu."

"Njoo saa sita uone anavyokula. Mtoto asiyeongea anaongea pale."

Akageuza uso kwa aibu. Hapo ndipo nikakumbuka jambo nililokuwa naliona kila siku bila kulifikiria. Saa sita, nikigonga mwiko kwenye sufuria, Mugenzi alikuwa anaingia ofisini na kufunga mlango. Na akikutwa uani, aligeuka na kuwapa watoto mgongo, akawa anautazama ukuta mpaka sahani zimekwisha.

Ni malezi. Kwa Wanyarwanda wa zamani kula ni jambo la ndani, na kumkodolea macho mtu anayetafuna ni utovu wa adabu mkubwa. Hapa nchini mambo hayo yalikwisha kulegea, lakini wazee waliokimbia waliyabeba wakayashika kwa mikono miwili, kwa kuwa ndiyo mali waliyobaki nayo. Baba yake Mugenzi, huko Karagwe, alikula akiwa amejifungia mlango hadi siku ya kufa kwake. Mugenzi alilelewa vizuri. Alilelewa vizuri mno, hata akawa anawapa watoto mgongo saa ile ile ambayo wangeonekana.

"Siwezi, mama," alisema. "Ni kama kuwavua nguo."

"Baba yako angekwambia umwache aende Kivu?"

Akainuka, akatoka. Ilikuwa ni ukorofi kumtaja marehemu, nami nilijua.

Kesho yake saa sita akaja, akakaa kwenye kigoda kando ya jiko. Siku ya kwanza alitazama viatu vyake, jasho likimtoka. Siku ya pili alitazama sahani, asizifikie nyuso. Nilimwambia achukue kisu anisaidie kumenya, maana mwenye kisu mkononi hadhaniwi kuwa anatazama. Hiyo ilimsaidia. Siku ya nne alikuwa anatazama, na siku ya sita nikamwona ameacha kumenya kabisa.

Tulikuwa tumechemsha viazi vitamu. Gato alipewa chake, cha moto, kwa mikono miwili. Akakiinua, akakibandika kwenye shavu lake la kushoto, akafumba macho, akatulia. Mimi hilo nilikuwa nimekwisha kuliona tangu Oktoba. Nikageukia sufuria yangu.

Jioni Mugenzi aliandika. Aliniletea na safari hii hakusoma kwa sauti ya mhubiri.

"Mtoto wa kike wa miaka mitatu hivi," alisoma. "Akipewa kiazi kitamu cha moto hali mara moja. Hukiweka kwenye shavu la kushoto, hufumba macho, husubiri. Kisha hukiweka kwenye shavu la mtoto aliyekaa karibu naye, na hamwachi mpaka mwenzake atikise kichwa. Ndipo hukivunja."

"Umefanya kazi bure," nikasema. "Sema anaumwa jino. Nimemwona mara nyingi, hata maji ya chumvi nimempa asukutue. Watu wakisikia jino watakumbuka mtoto wao aliyekuwa na jino."

"Sikuona jino, mama. Niliona shavu."

"Na mwenzake je? Anamwekea ya nini?" nikamuuliza.

"Sijui. Nimeandika nilichokiona."

Nilimwita mbishi. Mimi ndiye niliyemwambia atazame, halafu mimi mwenyewe nikawa nataka aandike nilichokidhania. Alikuwa amenisikiliza vizuri kuliko nilivyojisikiliza mwenyewe, na jioni ile iliniudhi sana.

Madamu Joselyne alisoma karatasi mara mbili. Alikuwa na kanuni yake: jambo moja la kweli lisitangazwe kamwe, libaki ofisini, ili anayekuja kudai aulizwe. Akachukua kalamu, akafuta shavu la mwenzake na kichwa kinachotikiswa. Redioni lilibaki shavu la Gato peke yake.

Karatasi ilisomwa tarehe nne Desemba, ikasomwa tena tarehe saba. Tarehe nane alikuja mama mmoja wa Kabeza, amevaa kitenge kisafi sana, akasema mtoto wa kiazi ni wake. Madamu Joselyne akamuuliza, baada ya kuweka kiazi shavuni, mtoto hufanya nini. Mama yule akakunja pindo la kitenge chake. "Anakula," akasema, kisha akalia, maana alijua kwamba hajui. Binti yake alikuwa wa umri ule ule. Nilimpa chai, nikakaa naye mpaka akaweza kusimama, na Mugenzi akamsindikiza hadi barabarani akimshikia mkoba. Aliporudi alisema afadhali asingeandika kitu. Nilimwambia aende akanawe uso.

Kwa siku nne zilizofuata hakuja mtu. Tarehe kumi na tatu nikaanza kumfungia Gato kifurushi chake: sweta, kikombe, na kitambaa changu kimoja cha kichwa ili abebe harufu ya mtu. Nilikuwa nimekwisha kukata tamaa, ingawa mdomoni nilisema mengine.

Siku hiyo hiyo, kabla ya saa sita, mwanamume akasimama getini. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano hivi, mikono myeusi kwa oili ya magari, ameshika kofia. Alinijia mimi kwa kuwa nilikuwa wa kwanza kuonekana.

"Mwaramutse, mama. Mi naitwa Léonidas, niko fundi hapo Gisimenti. Nasikia kwa redio, kuko mtoto anaweka kiazi kwa shavu. Iko hapa?"

"Ni mtoto wako?"

"Mi sina mtoto. Rakini hiyo kitu naijua."

Nikampeleka ofisini, na sikuondoka ingawa maharagwe yalikuwa motoni. Madamu Joselyne aliuliza jina la mtoto. Léonidas hakulijua. Aliuliza umri, sura, kijiji. Hakujua umri wala sura; kijiji alitaja cha kwao tu. Akaeleza pole pole, akikunja kofia. Alikuwa na dada mkubwa, Mukagasana. Mama yao alikufa akiwa yeye mdogo, na Mukagasana ndiye aliyemlea. Mwaka wa tisini, mwezi wa kumi, watu walipoanza kukamatwa, yeye Léonidas alitorokea Burundi. Dada yake aliolewa baada ya hapo. Yeye aliporudi mwaka ule alifika kwenye nyumba yao, akakuta nyasi, na majirani wakamwambia hakubaki mtu. Kama kulikuwa na mtoto, hakuna aliyemwambia, naye hakuuliza, maana hakujua kuwa kuna wa kuulizia.

"Kwa hiyo humjui mtoto huyu," alisema Madamu Joselyne, na sauti yake ilikuwa nzito, kwa kuwa kanuni ni kanuni.

"Simjui."

"Sasa umejuaje?"

"Mukagasana, akipika viazi, yangu hapana kunipa hivi hivi. Anaweka kwa shavu yake, hii ya kushoto, anafunga macho. Akiona haichomi, anaweka kwa shavu yangu. Ananiuliza: inachoma? Mi nafanya hivi." Akatikisa kichwa, mtu mzima yule, kama mtoto anayekataa. "Kabla sijafanya hivi, hanipi."

Mugenzi alikuwa amesimama dirishani, akakaa kwenye lile dawati dogo bila kutazama anapokaa. Madamu Joselyne alivuta droo, akatoa karatasi ya asili, akaweka kidole kwenye mstari alioufuta mwenyewe. Mimi nililia. Nililia kwa furaha, na nililia kwa aibu ya jino na maji ya chumvi. Mtoto yule hakuwa anaumwa. Alikuwa anafanya kama alivyofanyiwa.

Tulimwita Gato uani kwenye jamvi, nikamchagulia kiazi. Léonidas alikaa chini karibu naye, si mbele yake, na hakumgusa. Gato alimtazama yule mgeni. Akakiweka kiazi shavuni, akafumba macho, akasubiri. Halafu akageuka, akanyoosha mkono juu, maana mtu alikuwa mrefu, naye Léonidas akainama. Kiazi kikafika kwenye shavu lake, na kikakaa pale kwa muda, kwa kuwa yule bwana alishindwa kutikisa kichwa. Mtoto hakumwachia. Mwishowe akatikisa, na Gato akakivunja akampa nusu.

Kabla sijamaliza niseme jambo moja la Mugenzi, ili nisilisahau. Hadithi ya yule mama wa daftari aliiandika tena yote, akanisomea nikiwa nachambua mchele. Hamna neno huzuni ndani yake hata moja, wala simanzi, wala jitimai. Kuna mama anapanga sahani tatu, anasimama, anairudisha moja kabatini, kisha anaitoa tena. Niliacha kuchambua. Yeye hakuniuliza kama ni nzuri, na mimi sikumwambia.

Sasa narudi siku ile ya Desemba. Karatasi za kumkabidhi mtoto zilichukua hadi saa tisa. Gato alikuwa amelala begani kwa mjomba wake, oili imemchafua sweta. Léonidas alikuwa amefika mlangoni, akarudi hadi kwenye dawati.

"Mwalimu, ile karatasi. Naomba niende nayo."

"Inabaki kwenye faili," Mugenzi akasema. "Lakini naweza kukunakilia."

"Nyumba iliungua yote. Picha ya Mukagasana sina hata moja." Akatafuta maneno. "Ukiniandikia yangu, usiandike mtoto. Andika yeye."

Mugenzi alichana ukurasa katikati ya daftari lake la kaunta, lile la hadithi, ambalo hakuwahi kulichana kwa ajili ya mtu yeyote. Akaandika taratibu, kwa mwandiko wa ubaoni, akirudia karatasi ile neno kwa neno. Mimi nilisoma juu ya bega lake. "Mukagasana akipewa kiazi kitamu cha moto hali mara moja. Hukiweka kwenye shavu la kushoto, hufumba macho, husubiri." Aliandika na ule mstari uliokuwa umefutwa.

Léonidas aliisoma akiwa amesimama, mtoto begani, midomo ikimcheza. Aliisoma yote, akarudi juu, akaisoma tena. Kisha akaikunja mara moja, akaitia mfuko wa shati, upande ambao kichwa cha mtoto hakikufika.

"Ni yeye," akasema.